Piano kuukuu: tuitengeneze au tuifungue?



Safari hii tunaleta jambo ambalo huenda mkaliona ni la watu wa mjini tu: piano. Lakini subirini kidogo. Vikundi vingi hupewa vitu vikubwa vikuukuu kama msaada. Leo ni jenereta, kesho ni mashine ya kusaga, mara nyingine ni piano. Kitu kinashushwa kwenye lori, watu wanapiga makofi, kisha kikundi kinabaki kukitazama. Tutakifanyia nini bila kujiumiza, na bila kukiharibu?

Yaliyotokea Makupa

Kule Makupa, Mombasa, tulitembelea kikundi cha kina mama na vijana. Familia moja iliyokuwa ikihama iliwaachia piano ya kusimama. Nusu ya vibao vyake haikutoa sauti, na iliyobaki ililia kama sufuria iliyogongwa. Basi kikundi kikagawanyika. Wanakwaya walitaka itengenezwe. Mweka hazina alitaka iuzwe chuma, pesa isaidie karo za watoto.

Sisi wageni tuliulizwa, tukajibu haraka: "Kateni nyuzi kwanza, ipungue uzito." Hilo lilikuwa kosa letu, na ndiyo sababu ya makala hii. Kijana mmoja alichukua koleo akakata uzi. Uzi uliruka kama mjeledi, ukamchana shavu vidole viwili chini ya jicho. Vidole viwili tu!

Mzee mmoja jirani, aliyezoea kutengeneza ganuni za watu wa taarab, alisikia kelele akaja. "Wacheni hapo hapo, wanangu," akasema. "Kitu kilichokazwa kwa ufunguo hulegezwa kwa ufunguo." Akatoa mfukoni ufunguo wake mdogo wa ganuni, wenye tundu linaloshika kichwa cha kigingi. Piano hufuata kanuni hiyo hiyo, ila kila kitu ni kikubwa zaidi.

Kwa nini nyuzi zina hatari

Piano ya kawaida ina vibao 88. Ukibonyeza kibao, nyundo ndogo ya mti iliyovikwa sufu hugonga uzi wa chuma. Sauti za juu na za kati mara nyingi zina nyuzi tatu kwa kila kibao, za chini mara nyingi mbili, na za chini kabisa uzi mmoja mnene uliozungushiwa waya wa shaba. Kwa jumla nyuzi ni kama 220 au zaidi.

Kila uzi umevutwa kwa nguvu ya kilo 70 hadi 90 hivi. Zijumlishe zote: zinafika kati ya tani 15 na 20. Mzigo wa lori zima umefungwa ndani ya kabati sebuleni! Kinachoubeba ni fremu nzito ya chuma cha kumimina. Chuma hicho ni kigumu lakini hakipindi. Kikielemewa vibaya hupasuka. Ukikata nyuzi za upande mmoja tu, mvuto unabaki upande mwingine na fremu inaweza kupasuka. Ndiyo maana hatukati. Tunalegeza, kidogo kidogo, pande zote.

Kifaa ni kimoja

Kila uzi umezungushwa kwenye kigingi cha chuma chenye unene wa milimita 7 hivi, kilichopigwa ndani ya ubao mgumu sana. Kichwa cha kigingi kina pande nne. Kifaa chake ni spana yenye mpini mrefu na tundu la pande nne, au tundu la nyota yenye ncha nane. Ya nyota ni bora, kwa kuwa unaweza kukishika kigingi ukiwa umeelekeza mpini popote panapokufaa.

Msitumie koleo. Koleo hula kona za kigingi, na kona zikishaliwa hata fundi mwenye spana nzuri hatakishika tena. Fundi wa jua kali anaweza kuwachongea spana, lakini tundu likae sawasawa bila kucheza.

Kwanza pimeni: inafaa kutengenezwa?

Kabla ya kuamua, angalieni mambo manne.

1. Vigingi. Jaribuni vichache kwa spana. Kigingi kizuri hukataa kidogo kabla ya kuzunguka. Kikizunguka kama kijiko kwenye uji, ubao wake umepasuka au umechoka.
2. Fremu. Mulikeni kwa tochi. Ufa kwenye chuma maana yake kazi imekwisha.
3. Mbao. Tafuteni mchwa, hasa chini na nyuma.
4. Sufu. Nondo na panya huila. Hii hurekebishika, ila ni kazi ya subira.

Kama ni nzima: kulinganisha sauti

Anzeni na sauti ya A iliyo juu ya C ya katikati. Kipimo cha kimataifa ni mitikisiko 440 kwa sekunde. Uma wa sauti unatosha, au programu ya simu. Kama kibao kina nyuzi tatu, zibeni mbili kwa vipande vya mpira ili msikie mmoja tu.

Wekeni spana barabara mpaka chini. Legezeni kidogo mno kwanza ili kutu iachie, kisha kazeni polepole. Kidogo hapa ni kidogo kweli: mpini ukisogea upana wa unyasi, sauti imebadilika. Uzi wa kwanza ukikaa sawa, zibueni wa pili mzipige pamoja. Mtasikia sauti ikipepea, wau-wau-wau. Kadiri nyuzi zinavyokaribiana, kupepea huko kunapungua. Kukinyamaza, zimelingana.

Piano iliyoshuka sana isivutwe mpaka juu kwa siku moja. Ipandisheni kwa awamu, kwa sababu nyuzi zenye kutu hukatika. Na kwetu Pwani hewa ya bahari ni adui. Mbao hunywa unyevu wakati wa masika, sauti ikapanda, kukikauka, inashuka. Kwa hiyo fanyeni kazi hii majira yakishatulia, na msiiweke piano dirishani wala juani.

Kama imekufa: kuifungua

Piano ya Makupa ilishindwa mtihani. Vigingi vingi vilizunguka ovyo, na mchwa walikuwa wamekula upande wa chini. Wanakwaya walihuzunika, lakini walikubali walichokiona kwa macho yao. Kazi ilichukua Jumamosi mbili, kwa utaratibu huu:

1. Watoto watoke. Wanaofanya kazi wavae miwani ya kazi na glavu, wafunge pua kwa kitambaa. Vumbi la ndani ni la miaka mingi.
2. Ondoeni mbao za mbele kwa bisibisi. Skrubu za kila sehemu zikae kopo lake.
3. Toeni mtambo wa nyundo mzima, kisha vibao. Baadhi ya vibao vina risasi ndani ili kupata uzito. Nawieni mikono kabla ya kula.
4. Sasa nyuzi. Zungusheni kila kigingi kushoto, robo ya mzunguko tu. Rukeni: kimoja huku, kimoja kule, mpaka vyote viguswe. Rudieni mara ya pili, na ya tatu. Uso usikae usawa wa uzi. Nyuzi zote zikishalegea kabisa ndipo mzitoe.
5. Piano ya kusimama ina uzito mwingi nyuma, na ikianguka inaua. Watu wanne au zaidi wailaze chali polepole, ndipo fremu ifunguliwe.

Jambo la sheria: pembe za ndovu

Hapa tunaomba msome mara mbili. Piano nyingi za zamani zina vibao vyeupe vilivyofunikwa kwa pembe za ndovu, na pembe hizo zina historia kwetu. Katika karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, zilibebwa mabegani na wapagazi, baadhi yao watumwa, kutoka bara mpaka pwani. Unguja na Mombasa zilipakiwa melini kwenda Ulaya na Marekani. Huko Connecticut, miji ya Ivoryton na Deep River ilijengwa juu ya kazi ya kuzikata ziwe vibao vya piano. Kwa hiyo piano iliyokuja na meli huenda ilikuwa ikirudisha nyumbani kitu kilichotoka huku huku.

Pembe huonyesha mistari myembamba kama ya mti, na mara nyingi kila kibao kina vipande viwili vyenye kiungo chembamba. Plastiki haina mistari hiyo. Mkiona dalili, simameni. Kwa sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013, kukaa na pembe bila kibali nchini Kenya ni kosa lenye faini kubwa au kifungo cha miaka mingi. Msibandue, msiuze, msigawiane hata kipande. Andikeni barua kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori mpate maelekezo kwanza. Vibao vya Makupa vilikuwa vya plastiki, lakini kikundi kilikagua kabla ya kushika bisibisi.

Kikundi kilipata nini?

Tuseme ukweli: si pesa nyingi. Fremu iliuzwa kwa mnunuzi mwenye leseni, kama inavyotakiwa na sheria ya vyuma chakavu ya mwaka 2015. Pesa hiyo haikulipa karo ya muhula hata kwa mtoto mmoja, na mweka hazina alisema hivyo wazi mkutanoni. Lakini mbao zilitoa mabenchi mawili. Nyuzi nyembamba zilisafishwa kutu, na sasa kina mama wanazitumia kukatia sabuni wanayotengeneza. Mche unatoka umenyooka kuliko ule wa kisu.

Na spana ilibaki. Kijana mwenye alama shavuni humfuata yule mzee kila akiitwa kwenye piano ambayo bado inaweza kuokolewa. Yeye hushika tochi, husikiliza kupepea kwa nyuzi, na siku hizi huachiwa kukaza mwenyewe. Sisi tulimwomba radhi. Akacheka, akasema, "Mlinifundisha kuuliza fundi kwanza."

Maswali ya kujadili kikundini

• Je, tuna kitu kikubwa tulichopewa ambacho hakuna anayejua kukitumia? Nani jirani anakijua?
• Kabla ya kufungua mashine yoyote, tunajua nguvu yake imefichwa wapi: kwenye springi, uzi, umeme au hewa?
• Wageni wakitushauri jambo, tunapima wenyewe kabla ya kufuata?

Tuandikieni mtuambie mliyojadili.