Kidonge kisichoufikia ubongo

Kinga ni bora kuliko tiba. Ndivyo tulivyofunzwa tangu darasa la kwanza. Hata hivyo, ipo kinga moja ambayo mwalimu na mwanafunzi wafaa kuichunguza kabla ya kuisifu. Ni kidonge cha piridostigimini.

Mapema mwaka wa 1991, katika vita vya kuikomboa Kuwait, askari wa Marekani waliamriwa kumeza kidonge hicho cha miligramu 30 kila baada ya saa nane. Kilichohofiwa ni somani, sumu ya kivita ya jamii ya oganofosfeti. Mwishoni mwa 1990 serikali yao ilikuwa imelegeza kanuni, dawa ikatolewa pasi na askari kuombwa idhini.

Mwilini mna kimeng'enya kinachovunjavunja kemikali ipelekayo ujumbe kutoka kwenye neva hadi kwenye misuli. Sumu ikikinasa, kemikali hufurika, mate na jasho hutiririka, misuli hutukutika, na hatimaye pumzi hukatika. Kifungo cha somani hukomaa kwa dakika chache mno, na oksimu, dawa ya kukikwamua kimeng'enya, haifui dafu tena. Piridostigimini hutangulia kushika sehemu ya kimeng'enya hicho, kisha huiachilia polepole, mithili ya mwenye duka aliyeficha akiba kabla ya wezi kuingia.

Ila akiba hiyo haimo ubongoni. Kati ya damu na ubongo pana kizuizi ambacho piridostigimini haikipenyi kwa urahisi, somani hukipenya. Basi askari aliyemeza kidonge, kisha akadungwa atropini na oksimu upesi, aweza kuokoka kifo huku ubongo wake ukiteketea kwa degedege. Ndiyo sababu diazepamu huongezwa.

Dawa yenyewe si ngeni. Wagonjwa wa udhaifu wa misuli wameitumia tangu miaka ya 1950. Mwaka wa 2003 Marekani iliiidhinisha kwa wanajeshi dhidi ya somani pekee. Lakini mwaka wa 2008 kamati ya utafiti iliyoundwa kwa agizo la Bunge la nchi hiyo ilihitimisha kuwa vidonge hivyo, pamoja na dawa za kuua wadudu, vilichangia maradhi sugu ya askari wa 1991.

Nasi tuko wapi? Ukoo huo huo wa sumu umo katika baadhi ya dawa za kunyunyizia mimea, na mkulima hana kidonge cha kutangulia. Wapo wanaoamini kuwa maziwa huikata sumu. Hayaikati, kwani mnyunyizaji huipata zaidi kupitia ngozi. Mwanafunzi anayesaidia shambani wakati wa likizo, akiona macho yanafifia na mate yanamjaa, avue nguo zile mara moja, aoshwe kwa maji mengi na sabuni, kisha akimbizwe hospitalini, kwenye atropini, pamoja na chupa ya dawa yenye kibandiko chake.