Nilitumwa nimshushe shemeji pikipiki, Kona 57 zikanishusha mimi

Kuna safari mtu unaianza ukiwa mwalimu na kuimaliza ukiwa mwanafunzi. Yangu ilikuwa Desemba 2015, na darasa lenyewe ni barabara ya mlimani inayoanzia Chimala, kando ya barabara kuu ya Makambako kwenda Mbeya, na kupanda hadi Matamba, wilayani Makete. Wenyeji wanaiita Hamsini na Saba. Jina hilo si la kikosi cha jeshi wala namba ya basi. Ni hesabu ya kona zake.

Aliyenituma ni mke wangu. Mdogo wake wa kiume, yaani shemeji yangu, alikuwa anafanya bodaboda katika barabara hiyo. Anapandisha abiria, sukari na sabuni, anashusha viazi. Mwezi Oktoba mwaka huohuo alianguka wakati anashuka na gunia, akavunjika mfupa wa bega. Mama mkwe akapiga simu Dar huku analia. Mama watoto hakulala siku mbili, na mimi sikulala kwa sababu yeye halali.

"Baba watoto, wewe anakuheshimu," akaniambia. "Nenda kamwambie aachane na hilo dude. Tutampa mtaji afungue kiduka."

Tukavunja kibubu. Zikapatikana laki saba. Mke wangu ni Mkinga, na mnawajua Wakinga kwa pesa, alizihesabu mara tatu kabla ya kunikabidhi bahasha. Nikaitia mfuko wa ndani, nikapanda basi.

JOTO LA CHIMALA

Chimala ipo chini, ukingoni mwa bonde la Usangu, kwenye mwinuko unaozidi kidogo mita 1,000. Ni mji wa joto, vumbi na mchele. Nilishuka kwenye basi nikiwa na fulana na suruali ya jinzi, kijana wa mjini. Nilitegemea kumkuta shemeji amefungwa kitambaa shingoni. Nikamkuta amekaa juu ya pikipiki yake anatafuna muwa, kavaa koti zito la baridi.

"Shikamoo, shem."

"Marahaba. Hilo koti la nini na jua lote hili?"

Akacheka tu. Akanyoosha kidole kuonyesha nyuma yangu. Nikageuka. Ukuta wa mlima ulikuwa umesimama pale kama mtu anayekudai, na kitu chekundu kimejiviringisha juu yake kama kamba iliyoanguka. Ndiyo barabara. Wakati ule ilikuwa ya udongo na changarawe.

Akaniambia nipande nyuma. Nikakataa. Mimi nilishaendesha Honda 110 ya ofisi ujanani, nizungushwe na mtoto mwenye bega bovu? Isitoshe, mtu uliyekuja kumkanya huwezi kumkumbatia kiuno njia nzima. Akaenda kuniazimia pikipiki ya rafiki yake, ya Kichina, sisi 125. Tukaondoka.

KONA YA KWANZA HADI SIKUMBUKI

Kona ya kwanza niliipita kwa mbwembwe. Ya pili pia. Ya tano nikaingia na gia ya tatu, injini ikakohoa, ikazima. Basi hapo ndipo nilipojua kwamba pikipiki ya tambarare na pikipiki ya mlimani ni vyombo viwili tofauti hata kama vina namba moja.

Ukizimikiwa kwenye tambarare unapiga kiki na kuendelea. Ukizimikiwa kwenye mwinuko ule, chombo kinaanza kurudi nyuma. Nikakamata breki ya mkono, tairi la mbele likakaza lakini likaendelea kuteleza juu ya changarawe. Kijasho chembamba kikanitoka. Shemeji akasimama juu yangu, akapiga kelele: "Breki ya mguu, shem! Mguu wa kulia kwenye breki, wa kushoto chini! Washa, tia moja, achia klachi polepole!"

Nikafanya hivyo. Nikapanda.

Tulipopumzika akanifundisha mengine. Kwanza, badilisha gia kabla ya kona, siyo ndani ya kona. Pili, unapopanda usikate kona kwa ndani, kwani kule ndiko mwinuko ulikokaza zaidi. Pitia nje palipolala, lakini piga honi kwanza, maana lori linaloshuka nalo linapataka hapohapo. Tatu, usiangalie korongo. Angalia unakotaka kwenda, maana pikipiki hufuata macho ya mwenyewe.

Hiyo ya tatu ndiyo iliyonishinda. Nilikuwa nahesabu kona ili nije kusimulia, nikafika ishirini na tatu, nikachungulia chini mara moja tu, hesabu ikapotea moja kwa moja. Bonde lote la Usangu lilikuwa limetandikwa miguuni mwangu, mashamba ya mpunga, reli ya TAZARA, na malori ya kwenda Zambia yakiwa madogo kama viberiti. Nikarudisha macho barabarani haraka.

Kadiri tulivyopanda, nguvu ya injini ilipungua. Nikadhani nimepewa kimeo. Shemeji akasema, "Siyo mbovu. Inahema tu kama wewe." Na ni kweli. Injini inachoma mafuta kwa kutumia hewa, na juu hewa ni nyepesi. Kwa kukadiria, kila mita 100 unazopanda zinakula kama asilimia moja ya nguvu. Kabureta nayo haijui kwamba umepanda mlima, inaendelea kumwaga petroli ileile kwenye hewa iliyopungua, ndiyo maana plagi inakuwa nyeusi na eksozi inatoa moshi.

Baridi ikanikuta kama kona ya arobaini na kitu. Fulana yangu ikawa kama nimevaa karatasi. Shemeji akasimama, akavua koti lake, akanipa bila kusema neno. Ndani alikuwa na jingine.

BUSTANI YA MUNGU

Nyumbani Matamba nilipokelewa kwa uji wa moto. Nilitaka kuitoa bahasha pale pale, mbele ya mama mkwe, nimalize kazi. Shemeji akaniwahi. "Shem, mlima haujaisha. Twende nikuonyeshe kabla jua halijazama."

Akanipeleka Kitulo. Huko ni juu, wastani wa mita 2,600, na ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 2005, maarufu kwa maua. Watu wanaiita Bustani ya Mungu. Mvua zikianza, kati ya Novemba na Aprili, nyasi zote zile zinachanua, rangi juu ya rangi. Hakuna simba wala tembo wa kukimbizana nao. Ni upepo, maua na kimya. Pikipiki zilikuwa zimepoteza karibu robo ya nguvu zake ukilinganisha na pwani, na mimi nilikuwa nimepoteza zaidi ya hapo.

Tukakaa kwenye nyasi. Nikaona hapa ndipo penyewe. Nikatoa bahasha.

"Dada yako halali," nikaanza. Nikamwambia yote: bega, mama, kiduka, mtaji. Nilisema vizuri, nilikuwa nimefanya mazoezi kwenye basi tangu Mikumi.

Akasikiliza mpaka mwisho. Hakuigusa bahasha. "Nashukuru, shem. Lakini hesabu mwenyewe maduka ya pale Matamba. Nikifungua la kwangu, sukari yangu itapandishwa na nani?"

"Na mwingine."

"Mwingine naye ana dada yake."

Nikakosa la kusema. Tukarudi kimya kimya.

Usiku tukiwa jikoni tunaota moto, mama mmoja jirani akabisha hodi. Mtoto wake alikuwa na homa tangu juzi, alitaka ashushwe hospitali Chimala asubuhi mapema. Hakuuliza kama shemeji bado anaendesha. Aliuliza saa ngapi tu. Nikamtazama mama mkwe, yule aliyelia kwenye simu. Akainama, akachochea moto.

KUSHUKA SI KUPANDA

Mvua ilinyesha usiku kucha. Saa kumi na mbili asubuhi tukaondoka na ukungu, shemeji mbele na mama yule na mtoto mgongoni, mimi nyuma na bahasha yangu. Alinionya tangu nyumbani: gia namba moja, mwisho mbili. Nikaitikia ndiyo.

Sasa msomaji, nikueleze ujinga wangu. Gia ya kwanza kwenye mteremko inaunguruma na kwenda kama mkokoteni. Pikipiki inavuta nyuma, wewe unataka kwenda mbele. Baada ya kona kumi hivi nikachoka. Nikajiambia, mbona mlima wenyewe unanisukuma? Nikatia frii, nikaachia, nikawa nagusa breki kila nikitaka. Raha mustarehe! Kimya, upepo, hata petroli hailiwi.

Zikapita kona mbili, tatu, nne. Nikasikia harufu ya kitu kinachoungua. Kona iliyofuata nikakanyaga breki ya mguu, ikazama kama nimekanyaga sifongo. Nikakanyaga tena. Hakuna kitu. Nikajaribu kurudisha gia, vidole vinatetemeka, haiingii. Ya mbele nikaogopa kuikaba kwa sababu ya matope. Mbele yangu kona, na baada ya kona, ukungu mweupe tu.

Nilikumbuka jambo moja: pikipiki hufuata macho. Nikayatoa macho kwenye ule weupe, nikayaelekeza upande wa mlima, kwenye ukingo wa udongo. Nikaenda kuupiga kama gunia. Pikipiki ikalala kushoto, mimi nikalala juu ya matope, kiwiko kimechubuka, moyo unadunda paa, paa, paa.

Shemeji alikuwa kona moja chini. Alisema baadaye kwamba hakusikia ajali. Alisikia kimya. Hakusikia injini yangu ikiunguruma, akajua nimetia frii, akasimama. Akapanda kwa miguu mbio, bega lake lile.

Hakunigombeza. Akainua pikipiki, akasogeza kiganja karibu na drami ya tairi la nyuma, akakirudisha haraka. Ilikuwa ya moto kama pasi. "Breki ikishika moto haishiki tena," akasema. "Mpaka ipoe. Injini ndiyo inayoshusha pikipiki, shem. Breki ni ya kusimamia tu."

Kisha akatazama chini. "Na mimi Oktoba nilitia frii. Mafuta yalikuwa ya mwisho na mwenye viazi alikuwa amenipunguzia hela. Mama hajui."

Tukakaa pale kama robo saa drami ipoe. Yule mama alikuwa amesimama kule chini, amemfunika mtoto kwa khanga, anatungojea. Ndipo nilipoelewa kwamba swali nililotumwa nalo halikuwa swali sahihi. Mlima ule utashukwa tu, leo na kesho. Cha kuuliza ni unashukwa vipi na nani.

Nikaitoa bahasha kwa mara ya pili. Safari hii sikutaja duka. Nikamwambia masharti: breki mpya nyuma na mbele, matairi mapya, kofia ngumu mbili, ya kwake na ya abiria. Hakuna mshikaki wa watu watatu. Hakuna kushuka usiku. Na frii asiiguse, hata mafuta yakiwa yanakaribia kuisha, hata mwenye viazi akimpunguzia nusu nzima.

Akafikiri. "Mtoto akiumwa usiku je?"

Nikanyamaza. Akasema, "Usiku nitashuka kwa mgonjwa tu. Viazi vitangoja."

Tukapeana mikono, yote ina matope. Kona zilizobaki nilizishuka kwa gia namba moja, injini inaunguruma kama inanisuta. Sikutia mbili hata mara moja. Mtoto alifikishwa, akatibiwa, na jioni yule mama alirudi naye Matamba, nyuma ya pikipiki ileile.

Kazi nzuri zaidi ya laki saba sijapata kuiona. Miaka imepita. Bega la shemeji humuuma wakati wa baridi, lakini hajaanguka tena. Vijana wanaoanza kazi hiyo huwa anawapeleka kwenye mteremko, anawanusisha drami iliyoungua, halafu ndiyo anawafundisha.

Mambo yalibaki Dar. Siku ile nikiwa stendi Chimala, kiwiko kimefungwa bandeji, nilipiga simu nyumbani. Mke wangu hakunisalimu.

"Umemshusha?"

"Nimemshusha, mama watoto," nikamjibu. "Kwa gia namba moja."

Akanyamaza muda mrefu. Kisha akauliza hela zimebaki ngapi.