Kafulia? Msubiri Machi!

Kuna mashabiki wanaompenda mchezaji anapong'ara, halafu kuna wale wanaompenda akiwa amechuja kabisa, hapigi mpira, magazeti yanamwandika vibaya na mshahara wake unatajwa kila siku kama deni. Hao wa pili ndio ninaotaka tuwazungumzie mwezi huu. Ninaishi Phoenix, jimbo la Arizona, huko Marekani, mji ambao kila Februari na Machi unafurika watu wa namna hiyo. Na nimeolewa na mmoja wao.

Mchezo wenyewe ni besiboli. Najua wengi wetu tumeuona kwenye filamu tu: jamaa mmoja anarusha mpira, mwingine kashika rungu anausubiri. Usijali, huhitaji kujua sheria zote. Shika moja tu: huu ni mchezo wa kushindwa. Mpigaji anayefanikiwa mara 3 katika kila mara 10 anaitwa hodari. Yaani hodari mwenyewe anashindwa mara 7! Sasa fikiria mtu anayeshindwa mara 8, wiki baada ya wiki, mbele ya watu elfu thelathini. Huo ndio ukame. Ukimwingia mchezaji, hata mama yake anaogopa kumpigia simu kumuuliza mechi ilikuwaje.

MWEZI WA KUOTA

Ligi kuu ya Marekani ina timu 30, na kila timu inacheza mechi 162 kwa msimu. Kabla ya hapo kuna kambi ya majira ya kuchipua. Katikati ya Februari wanatangulia warushaji na wadakaji, wengine wanafuata, kisha mechi za kirafiki zinachezwa mpaka mwishoni mwa Machi. Timu 15 zinapiga kambi Florida, zinaitwa Ligi ya Balungi. Nyingine 15 zinakuja kwetu Arizona, Ligi ya Kaktasi, kwa sababu ya hiyo miti yetu ya miiba. Huku viwanja ni 10 na vyote vimezunguka Phoenix, kwa hiyo ukiwa na gari unaweza kuona mechi mbili kwa siku.

Si unajua raha ya kusubiri kambi ya Simba au Yanga, kabla ligi haijaanza na kila aliyesajiliwa ni moto wa kuotea mbali? Basi ndiyo hiyo, ila huku inachukua wiki sita. Watu wanaweka likizo, wanapanda ndege kutoka Chicago ambako theluji bado ipo, wanatandika blanketi kwenye nyasi nyuma ya uwanja na kula soseji. Wapenzi wanakuja wawili wawili. Mechi hazihesabiwi popote, hata sare inaruhusiwa, kwa hiyo hakuna anayekasirika.

Na kila mwaka, bila kukosa, utasikia sentensi ileile kuhusu mchezaji aliyeboronga msimu uliopita: "Safari hii yuko fiti kuliko wakati wowote maishani mwake." Kapunguza kilo kadhaa. Kabadilisha jinsi ya kushika rungu. Kapata mwalimu mpya. Mashabiki wenyewe wanaicheka sentensi hiyo, wanaitania, halafu wanaiamini. Mume wangu huiamini kuliko wote.

MACHI PIA NI MUONGO

Hebu tuseme ukweli, maana gazeti hili halidanganyi wasomaji wake. Kambi inaweza kukulaghai. Mrushaji mkubwa mwezi wa Machi hatafuti ushindi, anajaribu mpira mpya aliojifunza, akipigwa hajali. Ikifika katikati ya mechi nyota wanaenda kuoga na vijana wenye namba za jezi za tisini wanaingia. Hewa kavu ya Arizona nayo inaubeba mpira mbali. Kwa hiyo mtu aliyefulia anaweza kuonekana mfalme, halafu Aprili ikamvua taji.

Muulize shabiki yeyote wa Baltimore Orioles kuhusu Chris Davis. Mwaka 2013 jamaa alipiga homurani 53, ule mpira unaovuka uzio wa uwanja. Januari 2016 timu ikampa mkataba wa miaka 7 wa dola milioni 161. Kisha ukame ukaingia, na haukuwa wa mchezo. Mwaka 2018 alipata mipira 168 kwa kila 1,000, wastani wa chini kuliko wa mpigaji yeyote aliyecheza vya kutosha kuhesabiwa katika historia ya ligi. Kati ya Septemba 2018 na Aprili 2019 alisimama na rungu mara 54 zinazohesabiwa bila kupata hata moja. Hiyo nayo ni rekodi kwa wachezaji wasio warushaji.

Tarehe 13 Aprili 2019, kule Boston, uwanja wa wapinzani, hatimaye mpira wake ulianguka kwenye nyasi bila kudakwa. Unajua mashabiki wa Boston walifanya nini? Walimpigia makofi. Watu waliokuja kumzomea walimshangilia, kwa sababu kuna kiwango cha mateso ambacho hata adui hakitamani kukiona.

Mwaka uliofuata, kambini Florida, Davis alipiga homurani 3 katika mechi chache tu. Baltimore nzima ikaanza kunong'ona: jamani, huyu karudi! Tarehe 12 Machi 2020 kambi ikasimamishwa kwa sababu ya korona. Msimu ulipokuja kuanza, mfupi wa mechi 60, alicheza mechi 16 na wastani wake ukawa 115 kwa 1,000. Agosti 2021 akatangaza kustaafu. Machi ilikuwa imewapa watu wake ndoto, kisha ikaondoka nayo.

KWA NINI WANARUDI?

Sasa utaniuliza, dada, kama ndivyo, kwa nini hawa watu wanarudi kila mwaka? Nilimuuliza mume wangu swali hilo, mwezi ambao hatukuwa na hela ya kuchezea.

Ilikuwa Machi 2023. Mwezi wa Januari kampuni aliyoifanyia kazi miaka kumi na moja ilipunguza watu, na jina lake likawemo. Walimtumia barua pepe saa moja asubuhi, saa nne kompyuta yake haifunguki. Ni mtu wa Tanga aliyekwenda Chicago akiwa kijana wa miaka kumi na tano, hakumjua mtu, na besiboli ndiyo iliyompa marafiki wa kwanza. Timu yake ni Chicago Cubs. Kwa hiyo kusubiri anakujua: Cubs walikaa miaka 108 bila ubingwa, kuanzia 1908 mpaka 2016.

Kipindi hicho nyumbani kwetu palikuwa kimya. Alituma maombi ya kazi mpaka akaacha kunihesabia. Usiku tulikuwa tunajadili kama turudi Dar, tuanze moja na watoto wawili, au tusubiri tena mwezi mmoja wa kodi. Nilikuwa naogopa kumtia moyo asione namsukuma, na naogopa kunyamaza asione nimekata tamaa. Wenye waume au wake waliopoteza kazi wananielewa hapo.

Jambo pekee lililomfanya azungumze lilikuwa Jason Heyward.

Heyward alikuwa wa Cubs. Walimsajili Desemba 2015 kwa miaka 8 na dola milioni 184. Alikuwa mlinzi mzuri ajabu wa eneo la nje, lakini rungu lilimgomea. Kila kambi, kuanzia ile ya 2017, ilikuja na habari kwamba Heyward kabadilisha upigaji, safari hii atatisha. Misimu mingi ilikwisha palepale. Mwaka 2022 alicheza mechi 48 tu na kupiga homurani moja, na ulipomalizika wakamwacha. Los Angeles Dodgers wakampa mkataba wa ligi ndogo, ule wa "njoo kambini tukuangalie, hatukuahidi kitu". Umri wake wakati huo ulikuwa miaka 33.

Kambi ya Dodgers iko Glendale, si mbali na kwetu. Jumamosi moja tulibeba chapati na chai ya chupa tukaenda. Tiketi za nyasini ndizo tulizoziweza. Siku hiyo Heyward hakufanya la ajabu. Mume wangu alimwangalia hata pale alipokuwa amesimama tu, anafunga glavu.

Nikamuuliza, "Baba, huyu si alikutesa miaka saba? Mbona bado unamwombea?"

Akakaa kimya kidogo. "Mama, yule anaamka asubuhi anajua leo wanaweza kumwita ofisini wakamwambia afungashe. Na bado anakuja. Mimi namwombea ili nijue kuwa kuja peke yake kuna maana."

Nikaelewa kuwa hatuzungumzii besiboli.

Maana kambini ndivyo ilivyo. Timu inaanza na wachezaji wengi, lakini watakaobaki kwenye kikosi ni 26 tu. Kila baada ya siku chache kocha anaita mtu ofisini kwake, na akitoka anakwenda kukusanya vitu vyake. Mashabiki wanaisoma orodha hiyo kila ikitoka kama watu wanaosoma matokeo ya kidato cha nne.

Mwisho wa Machi Heyward alikuwemo kati ya wale 26. Dodgers walimlipa kima cha chini cha ligi, dola 720,000 kwa mwaka, huku Cubs wakiendelea kumlipa milioni zao za mkataba wa zamani. Msimu huo alicheza mechi 124, akapiga homurani 15, na wastani wake ukawa 269 kwa 1,000. Wakamwongeza mwaka mmoja kwa dola milioni 9. Agosti 2024 waliachana naye, ndiyo michezo. Lakini ule mwaka alioupata hakuna wa kumnyang'anya.

Mume wangu alipata kazi mwezi wa Mei. Mshahara ulikuwa theluthi mbili ya ule wa zamani na cheo kilikuwa cha chini. Alisema, "Mkataba wa ligi ndogo." Tukacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Januari.

MAMBO MATATU YA KUJIFUNZA

Moja: Mtie moyo bila kumdanganya. Shabiki wa kweli anajua namba za mchezaji wake zote, hata zile mbaya. Haendi kumwambia "uko vizuri" wakati hayuko vizuri. Anasema "najua hali yako, na nimekuja". Mwenzako aliyekwama anaujua ukweli kuliko wewe. Ukimpamba, atajua tu kuwa hata wewe umeanza kumwogopa.

Mbili: Kubali kuwa anaweza kurudi kwa namna nyingine. Rick Ankiel wa St. Louis Cardinals alikuwa mrushaji kijana mwenye kipaji cha kutisha. Tarehe 3 Oktoba 2000, akiwa na miaka 21, katika zamu moja ya mchezo alirusha mipira mitano iliyopotea kabisa njia, na tangu siku hiyo mkono wake haukumtii tena. Alihangaika miaka. Machi 2005, kambini Florida, akasema basi, sirushi tena, najifunza kupiga. Watu waliguna. Tarehe 9 Agosti 2007 alirudi ligi kuu kama mpigaji na mchezaji wa nje, na siku hiyohiyo, mbele ya watu wa nyumbani waliosimama kumpokea, akapiga homurani. Mashabiki waliomwombea arudi kuwa mrushaji hawakupata walichoomba. Walipata kitu kingine, na wakakipigia makofi. Kama mkeo alikuwa meneja wa benki na sasa anataka kufungua duka la mapazia, usimlilie yule meneja.

Tatu: Weka tarehe. Kambi ina mwisho, na hapo ndipo penye busara yake. Siku inafika timu inaamua, na mashabiki wanajua kuwa kupenda mtu hakuzuii kuamua. Sisi tulikubaliana: tutasubiri mpaka Juni, ikishindikana tunarudi Dar, na hakuna wa kumlaumu mwenzake. Ile tarehe ilitupa usingizi. Tumaini lisilo na tarehe linageuka ugomvi wa kila usiku, na mapenzi mengi yamefia hapo.

Kwa hiyo, mpenzi msomaji, kama wako yuko kwenye ukame sasa hivi, usimpe hotuba. Kaa naye nyasini. Kodi ya mwezi huu itajulikana, na kocha ataita anayemwita. Mume wangu ameshaanza kuniambia kuhusu kijana mmoja wa Cubs aliyepiga vibaya mwaka jana. Ati kapunguza kilo saba, kabadilisha mkao wa miguu, safari hii atatisha. Nimemwambia aongeze chapati.