Kiti cha Kuume cha Rubani

Katika ndege ndogo zitumiazo kiwanja cha Ifakara, ambazo hubeba watu wachache na aghalabu huendeshwa na rubani mmoja, hapana ukuta wala mlango kati ya abiria na mwenye kuirusha ndege. Na viti vya nyuma vikijaa, msafiri mmoja huweza kuketishwa mbele, upande wa kuume, akaitazama kwa macho yake kazi ambayo abiria wa ndege kubwa huijua kwa mvumo wa injini tu. Fursa hiyo, ambayo zamani ilipatikana hata katika ndege za masafa marefu, leo imekuwa nadra, na yafaa tufahamu sababu yake, kisha tutafute njia ya kuwarudishia watoto wetu maarifa hayo pasipo kuhatarisha roho ya mtu.

Aketiye hapo huona usukani wa pili ukienda wenyewe mbele ya magoti yake, kwa kuwa umeungwa na ule wa rubani, na ndiyo maana huonywa mapema asiuguse wala asikanyage pedali zilizo miguuni. Mbele yake zimepangwa saa za vipimo: moja hutaja mwendo wa ndege hewani, nyingine huonyesha kama mabawa yamelala sawa na upeo wa macho, na nyingine hutaja kimo. Hii ya kimo hufanya kazi kwa kupima kanieneo ya hewa, ambayo hupungua kadiri ndege ipandavyo. Na kwa sababu kanieneo hiyo hubadilika kwa hali ya anga, rubani hana budi kuirekebisha saa yake kwa kipimo cha siku hiyo, la sivyo itamdanganya. Mtu wa Lumemo, hapa kwetu Ifakara, ataelewa upesi uzito wa jambo hili, maana uwanda wetu u chini sana, ilhali milima ya Udzungwa iliyo kando yake ina vilele vipitavyo mita 2,500, na wakati wa masika mawingu huifunika isionekane. Hata lile zunguko la chini juu ya kiwanja, ambalo humtia hofu abiria mgeni, si kusitasita kwa rubani bali ni hadhari yake, apate kutazama kama pana ng'ombe au watu njiani, na kama ardhi imeshika maji.

Katika ndege kubwa nako mlango haukuwa mgumu daima. Zama za East African Airways, shirika lililoanza mwaka 1946 na likapata ndege za jeti aina ya Comet mwaka 1960, ilikuwa ada katika mashirika mengi ya ulimwengu kwa nahodha kuwakaribisha abiria, hasa watoto, waje kutazama. BOAC ya Uingereza, ambayo ndege zake zilifika Nairobi, ilikuwa na chama cha watoto, na kila mwanachama alipewa kitabu cha safari ambamo nahodha alitia sahihi yake kuthibitisha masafa aliyosafiri mtoto huyo.

Lakini ukarimu ule ulikuwa na hatari zake. Mwaka 1994 nahodha wa Aeroflot, akielekea Hong Kong kutoka Moscow, alimketisha mwanawe katika kiti cha rubani; nguvu za mikono ya kijana yule zikatengua sehemu ya mtambo wa kujiendesha pasipo wakubwa kutambua, na watu wote 75 wakaangamia. Novemba 1996 watekaji watatu waliingia kwa marubani wa ndege ya Ethiopia iliyokuwa ikienda Nairobi kutoka Addis Ababa, wakadai ipelekwe Australia, hata mafuta yakaisha, ikaanguka baharini karibu na Ngazija, wakafa 125 kati ya 175. Tarehe 29 Desemba 2000, katika ndege ya British Airways iliyotoka London kwenda Nairobi, abiria mwenye maradhi ya akili aliingia kwa marubani akaushika usukani, ndege ikaporomoka kwa kasi, na ni kwa ushujaa wa marubani na abiria kwamba ilifika salama. Baada ya msiba wa Marekani wa Septemba 2001, sheria ya kimataifa iliamuru kwamba kuanzia tarehe 1 Novemba 2003, ndege za abiria zenye viti zaidi ya 60 ziwe na mlango usiopenyeka kwa risasi, unaofungwa muda wote wa safari.

Amri hiyo ni ya haki, wala hapana mwenye busara atakayetamani iondolewe. Ila yahusu ndege iliyo safarini. Ndege ikisha kutua, injini zikazimwa na abiria wakashuka, mzazi aweza kumwomba mhudumu kwa adabu kama nahodha ana wasaa wa kumwonyesha mtoto chumba chake, na manahodha wengi hukubali kwa furaha. Twayasihi mashirika ya ndege na wasimamizi wa viwanja yaliyo hiari kwa mzazi mmoja wayafanye kuwa desturi kwa shule nzima: siku maalumu ambapo wanafunzi wa Ifakara, Mahenge na Mlimba wataizunguka ndege iliyosimama, wataonyeshwa milango ya dharura na jinsi ifunguliwavyo, na kuelezwa kila saa inasema nini. Taifa linalonunua ndege kwa mali ya wananchi wake lahitaji marubani na mafundi wa kuzitunza, na hao hawatapatikana miongoni mwa watoto ambao ndege waiona ikipita juu tu.