Je, Wajua? Pini, Bango na Onyesho la Jioni Magogoni

Je, wajua kwamba ukiandika "Magogoni" kwenye ramani ya simu unaweza kuvushwa bahari? Ipo Magogoni ya Dar es Salaam, jirani na Ikulu na kivuko cha Kigamboni, na ipo Magogoni ya Unguja. Mwandaaji anayeposti "tukutane Magogoni" bila kutaja mji ameshapoteza watu kabla ngoma hazijapashwa moto.

Na hata Plus Codes, zile anwani fupi za Google, hazimwokoi. Zinaigawa dunia katika miraba. Mraba mkubwa unaoshika katikati ya Dar, wenye karibu kilomita 111 kila upande, unaanza na 6G5X. Mji Mkongwe wa Zanzibar? Nao ni 6G5X! Bagamoyo, iliyo bara hukuhuku, imeangukia 6G5W. Msimbo kamili wa alama 10 hushuka hadi kwenye kipande cha takriban mita 14 kwa 14, lakini watu hukata zile 4 za mwanzo ili usomeke kirahisi bangoni. Ukizikata, andika jina la mji pembeni. Jambo jingine la kufurahisha: misimbo hii haina irabu hata moja, makusudi, isije ikaunda neno. Hakuna ukumbi utakaobandikwa tusi kwa bahati mbaya.

Je, wajua kwamba simu inajua ilipo hata bando likiisha? Mawimbi ya GPS yanatoka kwenye setilaiti na hayalipiwi. Kinachokula bando ni picha ya ramani. Kwa hiyo kwenye tangazo lako waambie wageni wapakue ramani ya eneo mapema, wakiwa bado na intaneti.

Kariakoo ina kasoro yake. Maghorofa yaliyobanana hugongesha mawimbi ya setilaiti kabla hayajafika kwenye simu, na kidoti cha bluu huruka. Mitaa nayo imekaribiana, hivyo kosa la mita chache tu linakutoa Mtaa wa Sikukuu na kukuweka Mtaa wa Swahili, katikati ya maduka ya vitenge, huku ukisikia muziki usijue unatokea wapi.

Je, wajua kwamba vichochoro vingi vya Dar viliingia kwenye ramani kwa sababu ya mafuriko? Mradi wa Ramani Huria ulianza 2015. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walizunguka na wakazi wa kata, wakaandika mitaro, njia na majengo, vyote vikamwagwa kwenye OpenStreetMap, ramani ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuihariri. Tandale ilikuwa imetangulia tangu 2011. Lengo lilikuwa kujua maji yatapita wapi, si bendi itapiga wapi. Lakini ramani haichagui mteja: kama ukumbi wako haumo, fungua akaunti, uuchore mwenyewe, bure.

Pini peke yake haijazi ukumbi wa mjini, hilo nalisema bila kusita. Mtu wa Dar huuliza kwanza, "Nashukia wapi?" Kwa onyesho la upande wa Magogoni, andika: Mwendokasi, shuka Kivukoni. Kwa Kariakoo: shuka Gerezani. Wageni wa Kigamboni wakumbushe salio kwenye N-Card ya kivuko, na uangalie ratiba ya pantoni kabla ya kupanga wimbo wa mwisho. Postikodi ya kata ya Kivukoni ni 11101. Iweke ukitaka, ila sijawahi kumsikia dereva wa bodaboda akiiulizia.

Je, wajua kwamba matangazo ya kutembea yana miaka zaidi ya mia hapa pwani? Vikundi vya ngoma ya beni, Marini na Arinoti, vilishindana kwa gwaride, sare na tarumbeta. Aliyekutana nao njiani alikuwa ameshapata tangazo. Baadaye zikaja bendi za kumbi: NUTA Jazz ya 1964, ambayo leo ni Msondo Ngoma, na Mlimani Park ya 1978, Sikinde, iliyoufanya ukumbi wa DDC Kariakoo kuwa nyumbani kwake. Shabiki hakuhitaji pini. Alijua siku, alijua mlango.

Je, wajua kwamba orodha ya matangazo ya WhatsApp huchukua watu 256, lakini ujumbe humfikia tu yule aliyeihifadhi namba yako? Wengine wote hawaoni kitu, nawe unadhani wamekupuuza. Ndiyo maana maneno "sevu namba hii" yana thamani kuliko rangi zote za bango. Stetasi nayo hufa baada ya saa 24. Na kiungo ulichokiandika chini ya picha ya Instagram hakibonyezeki. Kiweke kwenye wasifu.

Mtandao wa X nao ulizuiwa nchini Mei 2025. Usiweke mayai yako yote huko.

Diamond Platnumz, kijana wa Tandale, alitangazwa 2020 kuwa msanii wa kwanza wa Afrika kusini mwa Sahara kutazamwa mara bilioni 1 YouTube. Watazamaji hao wamesambaa duniani kote. Wa kwako wa Ijumaa lazima awe na nauli.

Je, wajua kwamba saa ya bango na saa ya simu hugombana? Bango linasema saa 2 usiku, kalenda ya simu inataka 20:00. Atakayejaza 2:00 atakumbushwa usiku wa manane.

Na lokesheni ya moja kwa moja ya WhatsApp, iliyoanza 2017, ina vipimo vitatu: dakika 15, saa 1 au saa 8. Tamasha la Sauti za Busara la Zanzibar, lililozaliwa 2004, limezoea kufungua kwa gwaride mitaani. Fanya hivyo kutoka Mnazi Mmoja ya Dar, simu iwe mfukoni mwa mpiga ngoma kubwa, watu wakufuate kwenye ramani. Chagua saa 8: zinatosha gwaride, onyesho, na kumsaka mpiga tarumbeta aliyepotelea Kariakoo.