Vanishi nzito ya maji: chagua bunduki kabla ya kufungua kopo

Vanishi ya maji imeanza kuzoeleka katika karakana za useremala hapa Mombasa, na wateja ndio wanaoileta. Mama anayeagiza kitanda cha mtoto hataki harufu ya thina ikae chumbani wiki nzima. Mwenye nyumba za wageni anataka kabati zake zipakwe bila wageni wa chumba cha pili kulalamika. Fundi anakubali kazi, ananunua kopo, anafungua kifuniko na kukuta kitu kizito kama uji. Anakitia kwenye bunduki ileile aliyopulizia vanishi ya thina miaka yote, anavuta kifyatulio, na kinachotoka ni matone.

Hapo ndipo hasara inapoanza, kwa kuwa jambo la kwanza fundi anafanya ni kuongeza maji. Akiona bado, anaongeza tena. Vanishi inapita, meza inang'aa, mteja analipa salio na kuondoka nayo. Baada ya wiki chache glasi ya chai inaacha duara jeupe, ukucha unakwangua, na meza inarudi karakanani juu ya mkokoteni.

Sababu iko katika namna vanishi hizi mbili zinavyokauka. Katika vanishi ya thina ya kawaida, ile ya selulosi, utomvu umeyeyuka ndani ya thina. Ukiongeza thina unapunguza uzito tu. Thina ikiruka, utomvu unabaki mzima juu ya mbao. Katika vanishi ya maji, utomvu haukuyeyuka. Ni chembe ndogo mno zinazoelea majini, na kando yake kuna kiasi kidogo cha kimiminika kinachokauka polepole ambacho kazi yake ni kuzilainisha zishikane maji yanapoondoka. Ukizidisha maji, msaidizi huyo anakuwa hafifu na chembe hazishikani vizuri. Unabaki na ngozi laini, nyembamba, wakati mwingine yenye weupe. Watengenezaji wengi huruhusu maji asilimia 5 hadi 10 tu, na wengine hawaruhusu kabisa. Maelezo yako kwenye kopo, kwa maandishi madogo, na yanastahili kusomwa kabla ya kulipa.

Kwa hiyo kama vanishi ni nzito, kinachobadilishwa ni bunduki.

Pima uzito kwanza

Uzito wa vanishi hupimwa kwa kikombe chenye tundu chini. Unakizamisha, unakiinua, unahesabu sekunde mpaka mkondo ukatike. Kinachotajwa sana ni kikombe cha Ford namba 4. Bunduki nyingi za bei nafuu huuzwa na kikombe cha plastiki cha aina hiyo ambacho mafundi hukitupa pamoja na sanduku. Kitunze, lakini fahamu kwamba vikombe havilingani: kama kopo linataja kikombe fulani, sekunde za kikombe kingine hazitakusaidia.

Kama makadirio ya kuanzia kwa Ford namba 4, vanishi inayopita chini ya sekunde 25 itakubali nozeli ya milimita 1.3 au 1.4, ile inayokuja na bunduki nyingi. Ikifika sekunde 30 au 40, tafuta nozeli ya 1.8. Ikikaribia sekunde 60 unahitaji 2.0 au zaidi, au bunduki inayosukumiwa vanishi kwa shinikizo. Zaidi ya hapo, bunduki ya kopo inafika mwisho wa uwezo wake. Nozeli ikibadilishwa, sindano yake ibadilishwe nayo, na mara nyingi kofia ya hewa pia. Huuzwa kwa seti.

Bunduki zenyewe

Bunduki ambayo karibu kila kibanda kinayo ni ile ya kopo chini. Hewa ikipita juu ya bomba, inafyonza vanishi kutoka kwenye kopo. Kwa vanishi nyepesi ya thina haina neno. Kwa vanishi nzito ndiyo mbaya kuliko zote, kwani lazima iinue mzigo kabla ya kuupuliza, na ili iinue fundi huongeza shinikizo, na shinikizo likizidi nusu ya vanishi inakuwa ukungu unaotua kwenye sakafu, ukutani na kwenye viti vya mteja mwingine. Usiitupe, ina kazi yake. Lakini usiilazimishe kwa kazi hii.

Ya kopo juu ni bora, maana vanishi inateremka kwa uzito wake yenyewe. Ukiifunga nozeli ya 1.8 au 2.0 itapuliza vanishi nyingi za maji bila kuongezwa tone la maji. Taabu yake ni kopo dogo, mara nyingi mililita 600. Utalijaza mara kadhaa kwa kabati moja, na huwezi kuipindua kupuliza chini ya rafu.

Zimo pia zenye maandishi HVLP. Maana yake ni hewa nyingi kwa shinikizo dogo: kwenye kofia yake shinikizo halipiti PSI 10. Vanishi inatua polepole na sehemu kubwa zaidi inabaki kwenye mbao. Bunduki ya kawaida huweza kupoteza hadi theluthi mbili ya vanishi kama ukungu. HVLP iliyorekebishwa vizuri hugeuza hesabu hiyo, theluthi mbili ikakaa kwenye kazi. Kwa vanishi ya bei ya juu, tofauti hiyo inaonekana mfukoni.

Kisha kuna bunduki ya tangi la shinikizo. Vanishi inakaa kwenye tangi dogo la lita 2 au zaidi, hewa inaisukuma kupitia mpira hadi kwenye bunduki. Kwa sababu inasukumwa, vanishi nzito hupita hata kwenye nozeli ya 1.2 au 1.4, na inatoka ikiwa imepasuka vizuri. Bunduki yenyewe ni nyepesi mkononi na inapuliza ikiwa imeelekezwa popote. Kwa maoni ya dawati hili, kikundi cha mafundi wanne au watano wanaochangia karakana na kupata kazi za madawati au kabati kwa wingi, wakiwa na pesa za kifaa kimoja tu, wanunue hiki.

Mwisho ni pampu ya umeme isiyotumia hewa. Inasukuma vanishi yenyewe kwa shinikizo la PSI 2,000 hivi, na uzito wa vanishi si hoja tena. Ncha yake ina namba, kwa mfano 311. Tarakimu ya kwanza ikizidishwa kwa 2 inakupa upana wa mpulizo kwa inchi, ukiwa umbali wa inchi 12: hapa ni inchi 6. Tarakimu mbili za mwisho ni ukubwa wa tundu kwa elfu za inchi. Kwa fanicha, tundu la 09 hadi 13 ndilo la kuanzia. Pampu hii ni kwa milango mingi au kabati za nyumba nzima. Mpira wa mita 15 wenye tundu la robo inchi unabeba karibu nusu lita ya vanishi kabla tone la kwanza halijatoka, na nusu lita hiyo ni hasara kama kazi yako ni stuli mbili. Kwa stuli mbili, tuseme kweli, brashi nzuri yatosha.

Pampu hiyo ina hatari ambayo haijulikani sana. Mkondo wake unaweza kutoboa ngozi na kuingiza vanishi ndani ya kidole. Kidonda huonekana kidogo kama cha sindano na huenda kisiume sana mwanzoni. Nenda hospitali papo hapo, ueleze ni mashine ya shinikizo na uende na lebo ya kopo. Waliosubiri hadi kesho wamewahi kukatwa vidole.

Kompresa inaamua kuliko bunduki

Mafundi wengi huulizana ukubwa wa tangi la kompresa: ni ya lita 50 au 100? Tangi ni ghala tu. La kuuliza ni hewa kiasi gani inazalishwa kila dakika. Bunduki nyingi za HVLP hunywa lita 300 hadi 400 kwa dakika. Kompresa ya nguvu farasi 2 hutoa kama 150 hadi 200. Bunduki itaanza vizuri, na katikati ya meza shinikizo litaanguka na mpulizo utageuka matone. Fundi atailaumu vanishi.

Namba iliyobandikwa kwenye kompresa mara nyingi ni hewa inayoingia, na inayotoka huwa pungufu. Ipime mwenyewe. Acha tangi lijae hadi bar 6, anza kuhesabu sekunde mpaka lifike bar 8. Zidisha lita za tangi kwa 2, kisha gawa kwa dakika zilizopita. Tangi la lita 50 lililochukua nusu dakika linakupa 50 mara 2, gawa kwa nusu: lita 200 kwa dakika. Ukiwa na namba hiyo nenda dukani na utafute bunduki inayotumia chini yake. Kwenye sanduku huenda imeandikwa kwa CFM. CFM 1 ni takriban lita 28, hivyo kompresa ya lita 200 ni CFM 7. Zipo bunduki za hewa kidogo, zenye herufi LVLP, zilizotengenezwa kwa kompresa za namna hii. Zinapuliza polepole zaidi, lakini hazikatiki katikati.

Unapoweka shinikizo, soma geji ukiwa umevuta kifyatulio. Geji ya bunduki iliyotulia haikuambii shinikizo la kazi.

Kutu, chumvi na unyevu wa pwani

Vanishi ya maji ina maji, na chuma cha kawaida kitashika kutu. Chembe moja ya kutu kwenye vanishi nyeupe ni doa la kudumu. Nozeli, sindano na njia yote ya vanishi viwe vya chuma kisichoshika kutu. Kopo la plastiki ni salama kuliko la alumini tupu, ambalo huweza kuathiriwa na vanishi hizi.

Hewa yetu nayo imejaa unyevu. Kompresa inaikamua, na maji yanabaki chini ya tangi. Fungua kizibo cha chini kila jioni. Kichujio cha maji kisikae mdomoni mwa kompresa, ambapo hewa bado ni ya moto na maji yamo ndani yake kama mvuke. Kiweke mwisho wa mpira, karibu na bunduki, hewa ikiwa imepoa. Tone la maji au la mafuta ya kompresa likifika kwenye kazi, vanishi hukimbia na kuacha vijishimo vya mviringo ambavyo koti la pili halivifuniki.

Unyevu huohuo huchelewesha ukaukaji. Asubuhi na mapema, na katika mvua za Aprili hadi Juni, koti linaloshika kwa saa moja linaweza kudai saa kadhaa. Puliza makoti mepesi mawili au matatu badala ya moja nene, na weka feni isogeze hewa ya chumba bila kuielekeza kwenye kazi, la sivyo utapiga msasa kutoa vumbi. Koti la kwanza litainua nywele za mbao. Ni kawaida, piga msasa laini likishakauka ndipo uendelee.

Maji, lakini si ya kuvuta puani

Jina la maji limewafanya wengine waache barakoa. Ukungu wa vanishi ni utomvu unaoelea, na ukiingia kifuani hautoki kwa kikohozi. Kitambaa hakitoshi: tumia barakoa ya vichujio vya chembe na mvuke. Vanishi inayochanganywa na kigumisho inaweza kuhitaji kinga kubwa zaidi, nayo imeandikwa kwenye kopo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri kuwapa wafanyakazi vifaa vya kujikinga, na mwanafunzi wa kibandani asiachwe nje ya hesabu hiyo.

Kuhusu moto, vanishi ya maji inapunguza hatari karakanani, na hilo si dogo katika vibanda vya mbao na mabati vilivyoshikana. Haiiondoi ikiwa mitungi ya thina bado iko chini ya benchi. Huduma ya zima moto ni jukumu la kaunti chini ya Ratiba ya Nne ya Katiba. Maafisa wanapokuja kukagua, waonyeshe thina inawekwa wapi.

Kusafisha

Bunduki iliyozoea thina haiingii kwenye vanishi ya maji moja kwa moja. Mabaki yakikutana, hugandamana kama maziwa yaliyokatika. Isafishe kwa thina, kisha kwa spiriti, kisha kwa maji, na ukirudi kwenye thina fuata njia hiyohiyo kinyumenyume. Baada ya kazi ioshe papo hapo kwa maji ya uvuguvugu. Ikikaukia ndani, maji hayaitoi tena. Kausha kwa hewa, tia tone la mafuta kwenye sindano.

Maji ya kuoshea yasimwagwe mtaroni. Mitaro yetu mingi inaishia baharini na kwenye vijito vya Tudor na Port Reitz. Yaweke kwenye ndoo wazi yatulie siku kadhaa, yaachwe yakauke juani, na mabaki yaliyogandamana chini yatolewe pamoja na taka ngumu za karakana.