Ulinganishaji wa saa katika FPGA

Ulinganishaji wa saa katika FPGA ni njia ya kupatanisha mapigo ya umeme yanayoongoza kazi ndani ya chipu ambayo mtumiaji anaweza kuipanga upya baada ya kutoka kiwandani. FPGA ya kwanza kuuzwa sokoni ilikuwa XC2064 ya kampuni ya Xilinx ya Marekani, mwaka 1985.

Kila pigo la saa huiamuru rejista ipokee data mpya. Saa ya mapigo milioni 100 kwa sekunde hutoa pigo kila baada ya nanosekunde 10. Sehemu mbili zenye saa zisizohusiana zikipeana data, data inaweza kubadilika wakati uleule wa pigo, na rejista ikasita kati ya 0 na 1. Kwa hiyo data hupitishwa kwanza katika rejista mbili za ziada, ambazo huichelewesha kwa takriban mapigo mawili, yaani nanosekunde 20 hivi.

Saa zote mbili zikitokana na chanzo kimoja, kupitia saketi ya kufunga awamu, nafasi kati ya mapigo yake hujulikana. Hapo rejista za ziada zinaweza kuondolewa na ucheleweshaji ukapungua. Zikiondolewa pale ambapo saa hazihusiani, chipu inaweza kufaulu majaribio yote, kisha ikakosea baadaye kazini bila dalili.